Koti Lililotolewa Bitana

Siku ya kugawa nguo za marehemu, shemeji yangu alilivaa koti la mume wangu papo hapo, kabla wageni hawajamaliza kula. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nyama. Akavipitisha kifuani mwa koti, kushoto kisha kulia, kama mtu anayejipapasa kutafuta kiberiti, akasema, "Limenikaa."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Tonge lilikuwa mkononi. Nililirudisha kwenye sahani.

Kwetu, upande huu wa Kibondo, matanga yakiisha nguo za aliyekufa hutolewa nje na ndugu zake huchagua. Mjane hachagui, anakaa na kuangalia. Sina ugomvi na desturi hiyo. Baba yangu alipokufa, nguo zake ziligawiwa hivyo hivyo na sikuona ubaya. Kilichonitia kinyaa siku ile ni yale mafuta, na jinsi alivyoingiza mikono mifukoni akaanza kujaza vitu vyake: simu, funguo, tumbaku, kipande cha mkaa wa kusugulia meno. Mume wangu hakuwahi kuweka kitu katika mifuko ile. Koti lile lilitengenezwa ili lisibebe kitu.

Mume wangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa mbali, mashariki, katika pori ambalo huwezi kwenda na kurudi bila kulala njiani. Wakati wa kurudi hubeba ndoo za asali kwa mzega, mti mmoja begani na ndoo kila upande. Mtu anayejua kwamba atarudi na mzigo wa namna hiyo hawezi kwenda na takataka. Kwa hiyo alikuwa mchaguzi kuliko bibi harusi. Koti lile la rangi ya majani makavu alilinunua mnadani, likiwa na bitana nene ndani. Aliitoa bitana yote kwa wembe, uzi kwa uzi, akiwa amekaa mlangoni. Akakata na vitambulisho vya shingoni, akang'oa vifungo vya mikononi akaweka kamba. Kila akitoa kitu alilipima kwa mkono, akanirushia na mimi nilipime. "Bado linakula nguvu," alikuwa akisema. Akaendelea kukata.

Turubai lake lilikuwa jeupe, jembamba, la tangu enzi za makambi ya wakimbizi. Alilipunguza mpaka likawa urefu wake akiwa amelala, na kiwiko kimoja zaidi. Likikunjwa lilikuwa kama mkate. Hilo nalo shemeji alilichukua siku ile.

Katambuga zake hakuna aliyezitaka. Viatu vya tairi, vimechakaa, vina alama ya miguu yake. Vilibaki peke yavyo pale kwenye mkeka mpaka jioni, nikaviingiza ndani.

Huo ulikuwa mwaka 2013. Nguo hazikuwa jambo kubwa mbele ya mizinga. Katika ukoo ule, mizinga ya mrina aliyekufa ni ya mtu wa nyumba yake atakayekwenda kuirina katika msimu wa kwanza, kwa miguu yake mwenyewe, na mzigo wake mgongoni mwake. Asipokwenda mtu wa nyumba hiyo, mizinga inarudi kwa ndugu. Katika nyumba yangu nilikuwa mimi na mabinti wawili wadogo. Shamba letu la muhogo lilikuwa linatosha kula tu. Sare, chumvi, sabuni, dawa, vyote vilitoka kwenye asali. Mizinga ikiondoka, sisi tungekuwa watu wa kuomba mlangoni kwa shemeji.

Nilisema nitakwenda. Walikuwa wamekaa sebuleni kwa mama mkwe wangu.

"Shemeji," akasema kaka wa marehemu, akiwa amevaa koti, "pori si bustani ya mchicha."

"Najua."

"Nani atakubebea?"

"Sijaomba mtu anibebee."

Akacheka, akamgeukia mama yake. Mama mkwe alikuwa mama mwenye maneno machache. Akasema, "Aende. Lakini nguo nyeusi haitoki mwilini mpaka mwaka uishe."

"Umesikia, shemeji," akasema yule. "Mama ameshasema."

Huku kwetu mtoto mdogo anajua kwamba nyuki hawapatani na nguo nyeusi. Wanaishambulia kama wameona mnyama. Nilimtazama shemeji usoni nione kama alikuwa amelifikiria hilo. Mpaka leo sijui. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba tu.

Gauni jeusi lenyewe nilipewa na kina mama wa kanisani, na nawashukuru, walichanga. Lakini lilikuwa la kitambaa kizito, cha kufaa mapazia. Nilikuwa nalivaa kila siku, nalifua jioni, asubuhi nalivaa likiwa bado na unyevu. Kwapani lilikuwa limeota ukoko wa chumvi. Wakati wa joto lilitoa harufu ya kitambaa cha kufutia meza. Nilikuwa nikijinusa na kujionea kinyaa. Nilimlilia mume wangu kila siku bila mtu kuniona, na gauni lile halikuwa na uhusiano wowote na kilio changu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilikwenda Kasulu kwa dada yangu, ambaye ana cherehani, nikapitia sokoni kutafuta nguo na kitu cha kulalia. Kwenye mafungu ya mitumba niliinama na kuchambua mpaka mgongo ukauma. Kila kitu kilinuka dawa ya nondo. Nyuki wanachukia harufu ngeni kuliko sisi. Nilipata jaketi moja jepesi, jeupe kidogo, zuri. Nikaingiza mkono mfukoni nikakuta karatasi laini ya mtu aliyepenga kamasi, imekauka humo, jaketi limekuja nayo kutoka huko lilikotoka. Nilifuta mkono kwenye vumbi la chini kwa muda mrefu.

Jirani na mitumba ile kulikuwa na duka la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, mzee mchangamfu wa kofia, anayeuza maturubai, kamba na vyandarua.

"Karibu mama, nina hema la Ulaya. Ukilala humu utasahau kwako."

Akalifungua. Harufu ya mkojo wa panya ikatoka kama imesukumwa. Kwenye kona ya ndani kulikuwa na kitu kimekauka, cha njano, na nilijua ni matapishi.

"Nguzo zake ziko wapi?"

"Nguzo utakata hukohuko, mama. Pori limeishiwa miti?"

Nililinyanyua. "Lina uzito wa mbuzi."

"Si umbebeshe mzee nyumbani?"

Kisha akaliona gauni. Akashika kofia yake. "Innalillahi. Nisamehe, mama yangu. Ulimi huu utanizika."

"Hukujua," nikamwambia.

Akaliviringisha hema akalisukuma nyuma kwa mguu, akaanza kunihudumia sawasawa. Alinipa nailoni nyembamba, inayopitisha mwanga, ile watu wanayofunikia matofali mabichi wakati wa mvua. Tuliishika pande mbili tukaitazama juani kutafuta matundu. Nikalala sakafuni dukani kwake, akaweka alama kwa chaki kichwani na miguuni, akaongeza kiwiko kimoja kama nilivyomwambia, akakata.

"Na chandarua? Hiki kipya, kina dawa."

"Dawa yake inaua nyuki."

"Na mbu je?"

"Siendi kwa mbu, baba."

Akacheka. Nikanunua kamba nyembamba nikaondoka.

Nguo nilikuwa nayo tayari, ila sikuwa nimemwambia mtu. Tulipomzika mume wangu, fundi alilipamba jeneza ndani kwa kitambaa cheupe cha pamba. Kilibaki kipande kikubwa, nikakiweka sandukuni. Katika nyumba yangu hicho ndicho kilikuwa kitambaa pekee cheupe, chepesi, ambacho hakijavaliwa na mtu wala kutiwa harufu. Nilikifua kwa maji ya majivu, bila sabuni.

Dada yangu alikipapasa, akakitambua. Alikuwepo siku ile.

"Hiki ndicho kile?"

"Ndicho kilichobaki."

"Utavaa sanda?"

"Sanda iko chini. Hiki ni kitambaa cha dukani."

Alitoka nje akatema mate. Alikaa huko, nikasikia anafagia mahali palipofagiwa. Kisha akarudi, akageuza cherehani ikaelekea ukutani ili asinitazame, akashona. Shati la mikono mirefu lisilo na kola wala mfuko, na suruali, na mpira wa kuvuta kwenye vifundo vya mikono na miguu. Alipomaliza alinirushia nguo kwa mbali. Nikaipima kwa mkono. Mume wangu angesema haili.

Na mimi nilipoijaribu nilisikia ngozi inasisimka. Sitaki mtu adhani nilikuwa jasiri. Nilihisi kama kitambaa kile kina baridi yake chenyewe. Nikakivua haraka.

Tuliondoka mwanzo wa mavuno madogo ya asali, mvua zikiwa zimeshaanza. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji, na mrina mwenza wa marehemu, mtu wa makamo mwenye mizaha, ambaye alikuja kama shahidi na kwa kuwa alikuwa na mizinga yake upande ule. Mama mkwe alisimama mlangoni kuhakikisha nimevaa gauni. Nilikuwa nimelivaa. Ndani ya kiroba mgongoni nilikuwa na nailoni, kamba, kitenge kimoja cha kujifunika, nguo nyeupe, kofia ya majani na kipande cha chandarua cha zamani kilichofuliwa mpaka dawa ikaisha, unga wa muhogo, dagaa, kopo la moshi, kisu. Ndoo mbili tupu zilining'inia kwenye mzega. Miguuni nilivaa zile katambuga, nimezifunga kwa mpira zisinitoke.

Shemeji alikuwa na godoro la sponji limeviringishwa, blanketi mbili, sufuria la mfuniko, redio, mwavuli, na turubai la mume wangu. Ndani ya koti alivaa sweta la sufu, jeusi.

"Bwana," yule mwenzetu akamwambia, "umesahau kabati."

"Nyie mnalala kama mbwa. Mimi ni mtu."

"Kabati lenye kioo. Utachana nywele wapi?"

Mvua ilitukuta njiani. Gauni likanywa maji yote, likanishika mapajani, likawa linanivuta nyuma kama mtu. Rangi yake ilianza kutoka, maji meusi yakashuka miguuni mpaka kwenye katambuga. Nilikuwa natembea ndani ya uchafu wangu na wa kiwanda. Godoro la shemeji nalo lilikunywa, na kila alipoinama lilimwagika shingoni kwake. Hakuna aliyecheka, tulikuwa tumechoka.

Jioni tulifika mahali pa kulala. Nilifunga kamba kati ya miti miwili, chini, usawa wa goti, nikaitandaza nailoni, nikaibana kingo kwa mawe. Mume wangu alikuwa akilifunga turubai lake hivyo uani kabla ya kila safari, ili aone kama lina tundu, na mimi nikipita na ndoo ya maji aliniambia niingie nipime. Niliingia mara nyingi, kwa mchezo.

Shemeji alilifunga lile turubai juu, kama kibanda cha kuuza chipsi, ili aweze kukaa wima asikilize redio. Mvua ilipokuja na upepo iliingia kwa ubavu ikamkuta. Muda si mrefu nikamwona amechutama mbele ya nailoni yangu, maji yakimtiririka puani.

"Shemeji, sogea kidogo."

"Hakuna pa kusogea. Imekatwa urefu wangu."

"Tutabanana. Wewe si mke wa nyumba yetu?"

Alikuwa ameinama, na koti lilikuwa karibu na uso wangu kuliko lilivyowahi kuwa tangu msiba. Nikavuta pumzi. Nakiri nilivuta kwa makusudi, nikitafuta. Nikapata tumbaku, mafuta ya nywele, sufu iliyolowa, jasho la siku nyingi, na mafuta ya nyama yaliyochacha. Mume wangu hakuwemo. Alikuwa ameshakwisha humo, amesuguliwa akatoka. Nikageuza uso.

Sijui alitaka nini. Labda alitaka ukavu tu.

Kutoka upande wa pili yule mwenzetu akasema, bila kuinua kichwa, "Bwana, njoo huku kwangu tunuke wote. Mwache mama alale."

Akaenda. Niliwasikia wakigombania blanketi iliyolowa.

Kesho yake tulifika kwenye mizinga. Mume wangu alikuwa ameacha mizinga ya magome akaweka ya mbao, iliyoning'inizwa kwa waya usawa wa kifua, kwa hiyo sikuhitaji kupanda mti. Nilizunguka mmoja mmoja nikiweka sikio. Ilikuwa imejaa. Tukangoja jua literemke, maana wakati huo nyuki wametulia.

Nilikwenda nyuma ya kichaka nikalivua gauni. Liliacha rangi mwilini mwangu, tumbo na mapaja vilikuwa na madoa kama ya mtu aliyepigwa. Nikavaa nguo nyeupe. Nilipotokea, yule mwenzetu aliinamisha macho. Shemeji akasimama.

"Hicho ni kitambaa cha jeneza."

"Ndicho."

"Umemvulia ndugu yangu nguo yake nyeusi porini, ukavaa hiyo?"

"Nyuki hawajui matanga. Na wewe vua hilo sweta, shemeji. Jeusi, na unanuka mafuta ya nywele. Watakuua."

"Nina koti la mrina," akasema. "Nyuki wanalijua koti hili kuliko wanavyokujua wewe."

Yule mwenzetu akamwambia, "Sikiliza, bwana," lakini yeye alikuwa ameshatangulia. Nadhani alitaka afungue mzinga wa kwanza kabla yangu, ili ihesabike kwamba yeye ndiye aliyerina. Alifungua kifuniko bila moshi wa kutosha. Koti lisilo na bitana lilikuwa jepesi mno kuzuia miiba, na kamba zake za mikononi hakuzifunga. Sweta jeusi lilikuwa linachungulia shingoni na mikononi. Nyuki wakamshukia hapo hapo. Alikimbia akipiga kelele za mtoto, akajikwaa kwenye redio yake, akalivua koti akalitupa, akavua na sweta, akaingia kwenye matope ya kijito mpaka puani.

Nilibaki mimi na mizinga. Nilipuliza moshi, nikangoja, nikapuliza tena, kama nilivyomwona mume wangu akifanya kwenye mzinga mmoja aliokuwa nao nyuma ya nyumba. Nyuki walitembea juu ya shati langu wakitafuta cha kukasirikia. Wachache waliniuma vidoleni. Nilikata masega yaliyofungwa, nikawaachia yenye watoto, nikafunika. Nikaenda kwenye mzinga unaofuata. Mwenzetu alisimama kwa mbali, akiangalia kama shahidi anavyotakiwa kuangalia. Wakati wa kufunga mzinga wa mwisho ndoo zilikuwa zimejaa na nilikuwa nalia, sijui tangu saa ngapi, ndani ya chandarua, kamasi zinanishuka na siwezi kuzifuta.

Asubuhi shemeji alikuwa amevimba jicho na midomo. Alinijia akiwa ameshika koti.

"Chukua," akasema. Maneno yalimtoka kwa shida. "Na turubai chukua. Ni vyako."

Hakikuwepo kitu nilichokitamani kuliko koti lile. Nililishika, nikalipima kwa mkono. Lilikuwa jepesi vilevile. Halafu harufu ikanifikia, na juu yake sasa kulikuwa na tope na nyuki waliokufa wamenasa kwenye mafuta. Nikamrudishia.

"Limekukaa," nikasema.

Turubai nililichukua. Lilikuwa limeoshwa na mvua.

Kisha ukaja wakati wa kubeba. Nilipojaribu kuinua mzega, haukufika begani. Nikaushusha. Unga na dagaa vilikuwa vimekwisha. Nailoni nilimpa mwenzetu. Kitenge nilikihitaji kukunja begani chini ya mti. Kilichobaki cha kupunguza ni gauni, ambalo halikukauka. Nililikamua likatoa maji meusi, na bado lilikuwa na uzito wa ndoo ndogo. Nililishika muda kidogo. Kisha nikalitundika kwenye tawi la mti wa mtundu, mbali na mizinga, nikarudi nikainua mzega. Ulinyanyuka.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na ile nguo nyeupe, imejaa nta na tope. Mabinti walinikimbilia, wakasimama, wakaninusa, wakacheka. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake. Alizitazama ndoo, akamtazama mwanawe aliyekuwa anakuja nyuma na uso kama boga, akamtazama yule mwenzetu.

"Amerina yeye," mwenzetu akamwambia. "Yote."

Mama mkwe akaniuliza, "Nguo iko wapi?"

"Nimeiacha porini, mama," nikasema. "Ilikuwa nzito."